Alama ya Kijani Ilisema Umefika

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, nimkaribishe kwa maneno machache, maana aibu yangu ni ndefu na nafasi ya gazeti ni fupi.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kompyuta. Miaka minane niliajiriwa na ule mtandao mkubwa, ule ambao kila mtu alikuwa nao kwenye simu na ambao watu walikuwa wameupachika jina la Jitu. Jitu lilikuwa linaanguka kila mwezi. Leo kwa saa moja, kesho kwa saa tisa nzima. Sisi wa ndani tulizoea. Tulikuwa tunaandika "tunaomba radhi" kama mtu anavyopiga chafya.

Kisha siku moja likaanguka wakati wifi yangu ameshikwa na uchungu. Nasema wifi, mke wa mdogo wangu, si ile ya hewani. Watu hunicheka nikisema ni wifi aliyenifanya nijenge mtandao, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwandikia mkunga, akamwandikia mumewe, akaniandikia mimi. Simu ikabaki inamwambia "inatumwa, inatumwa" toka asubuhi mpaka alasiri. Tulipofika, mtoto alikuwa amekuja na ameshaondoka.

Nikaacha kazi. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chaji kwa kuwa anatengeneza simu, alinifungulia mlango wa duka lake akasema, "Dada, wewe jenga. Kubeba niachie mimi."

Tukajenga mtandao wetu wa kutumiana ujumbe, tukauita Tupo.

Mashine zilikuwa tatu. Moja chumbani kwangu, palipokuwa na kabati la nguo. Moja nyuma ya kaunta ya Chaji. Ya tatu kwenye stoo ya zahanati, ambako wifi yangu ni muuguzi. Kila ujumbe uliandikwa kwenye zote tatu. Moja ikizimika, mbili zinaendelea. Mbili zikizimika, moja inabaki. Miezi kumi na minne Tupo haikuzimika hata dakika moja, na watu wakageuza jina letu kuwa utani. "Mko wapi?" "Tupo!"

Hayo nimeshayasimulia. Sasa nafika kwenye jambo nililomficha hata mama aliyenizaa.

*

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Simu ikalia, Chaji anapiga kelele kama ameona goli.

"Dada! Jitu limelala! Limelala chali!"

"Tangu saa ngapi?"

"Dakika kumi sasa. Watu wanahamia kwetu, unaona? Angalia namba!"

Nikaangalia. Asubuhi tulikuwa na watu elfu kumi na moja. Sasa walikuwa elfu ishirini. Nikameza chai, nikaangalia tena, elfu ishirini na nne.

Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Wale mabosi wangu wa zamani, walioniaga kwa kuniambia nitarudi nikitambaa, sasa wateja wao walikuwa wanabisha hodi kwenye kabati langu la nguo.

Saa tano na nusu walifika elfu hamsini. Feni za mashine zikaanza kulia kama nyuki.

"Dada," Chaji akapiga tena, safari hii sauti iko chini. "Ujumbe unachelewa. Nimejitumia mwenyewe, umechukua sekunde arobaini."

"Ninashughulikia."

"Watu wa redio wamenipigia. Wanataka nizungumze saa tisa. Tusije tukaumbuka leo, dada. Si leo."

"Nimesema ninashughulikia!"

Niliijua shida na niliijua dawa yake. Mashine zilikuwa zinachoka kwa kuandika kila kitu mara tatu. Ukizuia ile kazi ya nakala, kila mashine ikashika fungu lake peke yake, mzigo unapungua mara moja. Lakini hapo moja ikizimika, hakuna tena mwenzake wa kuiokoa.

Nakala tatu ndiyo ilikuwa ahadi yetu. Chaji alikuwa ameiandika kwa rangi kwenye ukuta wa duka: UJUMBE MMOJA, NAKALA TATU.

Nikajiambia, saa moja tu. Jitu likiamka nitarudisha, na hakuna atakayejua.

Saa sita kasoro dakika ishirini nikazima nakala.

Tupo ikapumua. Ujumbe ukaanza kwenda kama umeme.

"Umefanyaje?" Chaji aliuliza huku anacheka.

"Nimekaza nati mbili tatu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Ulitoka kirahisi hata nikashangaa.

*

Saa saba kasoro robo, wifi akapiga kutoka zahanati.

"Wifi, huku stoo kunanuka. Kama plastiki inaungua."

"Chomoa waya! Chomoa sasa hivi!"

"Nimeshachomoa. Imetoa moshi, ukuta wote mweusi. Lakini si zipo mbili nyingine? Si ndiyo maana tuliweka tatu?"

"Ndiyo," nikasema. "Zipo."

Nikakaa chini, sakafuni, mgongo ukiwa kwenye ukuta.

Mashine yangu ilikuwa inahesabu ujumbe wote ulioingia na wote uliotoka. Nikatazama tofauti. Kulikuwa na ujumbe ambao mashine ya zahanati ilikuwa imeupokea lakini haijaufikisha kwa wenyewe, labda kwa kuwa simu zao zilikuwa zimezimwa, au laini zilikuwa zimejaa kwa wingi wa watu. Wote ulikuwa umeondoka na ule moshi.

Mia tatu na kumi na mbili.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniamsha kitandani. Mtu akituma ujumbe Tupo, pembeni yake inatokea alama ya kijani na neno "Umefika." Neno lile nililichagua mimi. Lilikuwa linatokea ujumbe ukiingia kwenye mashine zetu, si ukiingia kwenye simu ya mwenzako. Siku za kawaida kati ya hayo mawili ni kufumba na kufumbua jicho, nikaona kuna haja gani ya kuwachanganya watu? Neno "Umefika" linapendeza. Linampa mtu amani.

Basi watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wameambiwa umefika. Wakaweka simu mfukoni, wakaendelea na shughuli zao.

Nikajipa moyo. Watu wataulizana. "Mbona kimya?" "Kwani uliniandikia?" Watacheka, watatuma tena, yataisha.

Nikarudisha nakala kwenye mashine mbili zilizobaki. Saa nane Jitu likaamka, na saa tisa nikafungua redio.

"Leo wamekuja kwetu watu elfu sitini," Chaji alikuwa anasema, sauti imejaa. "Mashine moja imeungua kabisa. Na hatukupoteza hata ujumbe mmoja. Hata mmoja!"

Nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kumpigia pale pale. Nikazima redio, nikaosha vikombe.

*

Jumatano asubuhi nilikuwa dukani, nimechuchumaa nyuma ya kaunta nakaza nyaya. Akaingia mwanaume wa makamo, ovaroli yake ina mafuta ya gari, mikono imetulia kupita kiasi.

"Natafuta wenye Tupo."

"Umewapata," Chaji akasema. "Karibu, kaka."

Yule bwana akaweka simu yake juu ya kaunta, taratibu, kama anaweka yai.

"Mimi ni fundi magari. Jumatatu nilikuwa natengeneza gari letu nyumbani. Nikafungua breki, nikaona kuna kipuri kimekwisha, nikatoka kwenda kukitafuta. Nilimwambia mke wangu mpaka mchana litakuwa tayari. Huko nikachelewa. Nikapiga simu, laini zote zimejaa, si mnakumbuka siku ile? Nikamwandikia kwenu."

Chaji akaisogeza simu, akasoma kwa sauti: "'Mama watoto, usiguse gari. Breki sijamaliza. Nakuja.' Saa sita na dakika nne."

"Na pembeni?"

"Kijani. Umefika."

"Umefika," fundi magari akarudia. "Nami nilipoona hivyo nikatulia. Nikasimama hata kunywa soda."

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya kaunta.

"Saa saba alimpakia binti yetu ampeleke kliniki ya macho. Kwenye ule mteremko wa machimbo ya mawe gari halikushika. Binti amevunjika mguu. Mama yake tumemzika jana."

Chaji akavua kofia. Mimi nilibaki nimechuchumaa palepale. Nilikuwa naona viatu vyake tu, kimoja kamba yake imefungwa vibaya.

"Poleni sana, kaka. Poleni sana."

"Asante. Sijaja kugombana." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Nyumbani kumewaka moto. Shemeji yangu, kaka yake marehemu, anasema nilimwachia dada yake gari bovu, kwamba huu ujumbe nimeubuni baada ya ajali. Mama yangu naye anasema ujumbe ulifika, mwanamke alikuwa mkaidi tu, alisoma akapuuza, karibu amuue na mtoto. Wanatukanana juu ya kaburi bichi. Mimi nataka kujua kitu kimoja."

"Kipi?"

"Aliupata? Maana miaka kumi na mbili nimeishi naye. Mwanamke yule alikuwa hawezi kuwasha jiko la gesi nikimwambia lina kasoro. Sasa nalala najiuliza, nilimkosea nini asinisikilize siku hiyo moja?"

Chaji akanigeukia. Macho yake yalikuwa safi kabisa, ya mtu asiye na deni na yeyote. "Huyu dada yangu ndiye aliyejenga. Mwulize yeye."

Nikasimama. Magoti yalitoa sauti.

Ukweli ungewasafisha wote wawili, marehemu na mumewe. Ungemchafua mmoja tu. Naye alikuwa amesimama pale na bisibisi mkononi.

"Dada," fundi magari akasema, "ulifika?"

"Kama alama ni ya kijani," nikajibu, "umefika."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimwona akizeeka mbele yangu.

"Basi alijua," akasema. "Basi alijua akaenda."

Akachukua simu yake, akashukuru, akatoka. Alishukuru! Mpaka leo ile asante iko kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

*

Alasiri ile ile wifi akaniita zahanati. Alinipeleka stoo, akafunga mlango kwa mgongo wake. Mashine iliyoungua ilikuwa bado pale, imekaa katikati ya maboksi ya glovu.

"Chaji amenisimulia habari za fundi magari," akasema. "Wifi, nikuulize kitu na unijibu. Jumatatu nilikuwa humu saa sita, nakuja kuangalia kama feni inazunguka. Kwenye kioo cha mashine kuliandikwa 'nakala, hapana.' Nilidhani sijui kusoma mambo yenu. Ilikuwa na maana gani?"

Nilisogeza boksi moja la glovu ukutani.

"Nijibu, wifi."

"Maana yake ni kama ulivyosoma."

Akainama, akashika magoti kama mtu aliyekimbia. Nilitaka kumgusa, akaniondoa mkono.

"Ujumbe wa yule bwana?"

"Ulikuwa humu." Nikaionyesha ile mashine nyeusi.

"Kwa hiyo mkewe hakuupata."

"Hakuupata."

"Na wewe umemwambia aliupata."

Nje kulikuwa na mama anambembeleza mtoto aliyechomwa sindano.

"Siku ile nilipokuwa peke yangu," wifi akasema, sasa kwa sauti ya chini, "nilitazama neno 'inatumwa' mpaka macho yakauma. Nililichukia lile neno. Lakini leo nataka nikuambie kitu. Jitu halikunidanganya. Liliniambia haujafika. Nikajua niko peke yangu, nikatambaa mpaka mlangoni nikapiga kelele. Nyinyi mlimwambia yule bwana umefika. Akasimama akanywa soda."

"Wifi, kama likijulikana, Tupo imekufa. Kila kitu tulichofanya kwa ajili ya..."

"Usimtaje mwanangu!" Aliniziba mdomo kwa kiganja chake, nikasikia harufu ya dawa. "Usimtaje kabisa. Utamwambia Chaji wewe mwenyewe, kabla ya Jumamosi. Usipomwambia, nitasema mimi."

"Kwa nini Jumamosi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Hajakuambia?"

*

Chaji alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulitoka kwenye moyo mweupe. Alikuwa amempata shemeji wa fundi magari, yule kaka wa marehemu. Polisi walikuwa wamemrudishia simu ya dada yake, kioo kimepasuka lakini nzima. Ilikuwa imezimika tangu siku ya ajali.

"Tutaiwasha mbele ya watu wote," Chaji aliniambia Alhamisi, akipanga viti kichwani. "Ujumbe utaonekana umo, na familia itajua yule bwana si mwongo. Waache kugombana. Nimeomba darasa pale shuleni, saa nne asubuhi. Na watu wa redio wanakuja."

"Chaji, ngoja. Hili ni jambo la msiba, si la..."

"Ndiyo maana nataka liishe, dada! Mtu kazika mke, anaitwa muuaji. Sisi tuna dawa yake, tumnyime?"

"Nataka kukuambia kitu."

"Niambie."

Mteja akaingia na simu iliyoangukia maji. Chaji akaipokea, akaifungua, akaanza kuipuliza. Nilisubiri amalize. Alipomaliza akasema, "Enhe, ulikuwa unasema?" nami nikasema nimesahau.

Ijumaa vilevile. Mara tatu nilisimama mlangoni kwake, mara tatu nikazungumzia nyaya.

Jumamosi asubuhi nilifika shuleni mapema nikiwa nimepiga moyo konde. Nitamvuta pembeni, nitamwaga yote. Nilimkuta amezungukwa. Mtangazaji huku, mwalimu mkuu kule, wateja wetu wanampa mikono. Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango, bado na sare ya kazi. Aliinua nyusi, akiuliza. Nikatikisa kichwa: bado.

Darasa lilijaa. Upande mmoja fundi magari na mama yake. Upande wa pili shemeji, mwanaume mwenye kifua kipana, macho mekundu. Katikati, kwenye kiti cha mwalimu, aliketi yule binti. Miaka minane, miwani usoni, mguu wa kulia umo kwenye plasta nyeupe.

Shemeji akaitoa simu mfukoni. "Hii hapa. Nimeichaji, lakini ina mchoro wa kufungulia. Siujui."

"Mimi naujua," binti akasema. "Ni herufi ya jina langu."

Akachora kwa kidole juu ya kioo kilichopasuka. Simu ikafunguka.

"Mama alikuwa anaiangalia kila saa," akaongeza, bila kuulizwa. "Kabla hatujaondoka. Alisema, baba yako leo hata neno moja."

Bibi yake akamkatiza. "Mtoto hajui anachosema."

Mimi nilijua kwamba anajua. Nikapiga hatua moja kwenda mbele. Naapa nilipiga. Lakini Chaji alikuwa ameshachukua simu.

Ikatafuta mtandao. Ikalia, ikalia tena, ujumbe wa pole ya ajali kutoka kwa watu wasiojua kwamba amefariki ukaanza kuingia mmoja mmoja. Chaji akasubiri mpaka ikatulia. Akafungua Tupo. Akapanda juu kwa kidole, akashuka. Akapanda tena.

Nilikiona kidole chake kikisimama pale ujumbe ulipopaswa kuwa.

Akanyanyua macho, akanitafuta mimi. Watu wengine waliona fundi simu anafikiri. Mimi niliona mdogo wangu, ambaye nilimfundisha kufunga kamba za viatu, akinisoma kuanzia juu mpaka chini. Ile Jumatatu nzima ilipita usoni mwake. Nati mbili tatu. Moshi. Redio.

Alipomaliza kunisoma alikuwa mtu mwingine.

"Upo," Chaji akasema. "Saa sita na dakika nne. Umefika."

Darasa likapumua. Mama wa fundi magari akapiga makofi mara moja, "Si niliwaambia!" Shemeji akajishika kichwa kwa mikono miwili. Fundi magari alikuwa anaangalia sakafu.

Chaji akaizima simu kwa kidole gumba, akaibana kifuani. Kule mlangoni wifi alikuwa ameshaondoka, anatembea kuja mbele kati ya madawati.

Lakini binti alimtangulia. Alishikilia meza, akasimama kwa mguu mmoja, akamnyooshea Chaji mkono.

"Anko," akasema. "Nionyeshe."

Chaji hakusogea.

"Mwonyeshe," fundi magari akasema bila kunyanyua kichwa. "Anajua kusoma."